Bwana Harusi wa Akiba

Jumatatu, 3 Juni
Shangazi, mwenye duka la uchapaji, anamwoza binti yake Jumamosi. Anataka kadi za kuwagawia wageni ukumbini, zenye mchoro wa maharusi wameshikana mikono. Atakayemridhisha kwa kazi hii atakabidhiwa duka. Tuko wawili: mimi wa kompyuta, na Mkasi, mdogo wa mke wangu, anayekata karatasi. Ushindi ni wangu.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata programu inayobananisha nakala za mchoro kwenye karatasi moja. Inazigeuza hata kichwa chini, miguu juu, ili mradi zienee. Mkasi akauliza, bila nafasi katikati, kisu kitapita wapi? Wivu!

Jumatano, 5 Juni
Kati ya bibi na bwana pana nafasi tupu. Hasara! Nimewatenganisha. Gauni la bibi linakula karatasi, lakini bwana ni mwembamba, anaingia popote. Programu imemjaza kila pengo. Hapana hata upenyo wa sisimizi. Nimechapa zote. Tutawaunganisha kwa gundi.

Alhamisi, 6 Juni
Mkasi amekata. Mabibi hawana viwiko. Mabwana wana vipande vya gauni mabegani, na wamewazidi mabibi maradufu. Shangazi akauliza, kwa upole wa kutisha, hao wanaume wengine binti yake atawaweka wapi. Nikamjibu akiba haiozi. Bwana harusi mwenyewe alikuwepo. Hakucheka.

Ijumaa, 7 Juni
Mkasi amechapa upya, kadi zikiwa zimeachiana nafasi vizuri. Zimetoka safi. Amepewa funguo mbele yangu. Nimeumia, sifichi. Nilishachagua hata kiti. Mke wangu kasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkasi ni mdogo kwangu, kwa hiyo methali hiyo hainihusu.

Jumatatu, 10 Juni
Harusi imepita. Mimi sasa ni mtu wa kufunga vifurushi. Lakini Mungu si Athumani! Shangazi anataka kadi za shukrani zenye mchoro wa familia nzima, na Mkasi ameenda kununua karatasi. Kaniambia nisiguse kitu.
Nimeutazama tu mchoro. Jamani, watu wamesimama mbali mbali utadhani wamegombana. Nafasi yote hiyo!
Nimeshamlaza Shangazi ubavu. Anaenea vizuri kabisa.