Mtandao wa Vyuo na Kinamasi Changu

Kwa Mkurugenzi,
Mtandao wa Taifa wa Vyuo na Utafiti.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MTANDAO WAKO KWA KOSA LA KUNIAMINI

Naanza na lile nililolificha tangu enzi ambazo wewe ulikaa safu ya nyuma darasani kwangu ukidhani sikuoni unavyosinzia: hakuna kinamasi. Leo hakipo, zamani hakikuwepo, na wala hakikukauka. Nilikitunga mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa kitini, baada ya chai na kabla ya kikao.

Nakueleza haya sasa kwa sababu daktari wangu ameacha kunikataza vitu. Hapo nyuma alinikataza chumvi, ngazi na hasira. Juzi mke wangu alipomuuliza kama naruhusiwa nyama ya kukaanga, alijibu kwa upole, "Mpe tu, mama, ale anachopenda." Mtu aliyesoma huelewa jibu la namna hiyo.

Utakumbuka kwamba nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya njia. Kama hukumbuki, imeandikwa kwenye kile kitabu chenu cha historia ya mtandao chenye karatasi za kung'aa, na picha yangu imo, enzi hizo nikiwa na nywele. Kazi yetu ilikuwa kuamua mkongo, yaani ile waya ya mawasiliano inayofukiwa ardhini, upite wapi, ili chuo kikuu cha kusini kizungumze na chuo kikuu cha kaskazini bila kumkabidhi kondakta bahasha. Wahandisi walichora mstari mnyoofu. Mimi, mtaalamu pekee wa udongo pale mezani, nikasema mstari huo unapita kwenye kinamasi. Wakanitazama. Nikaongeza kwamba ni kirefu. Mstari ukapindwa palepale. Ukazunguka kilima, ukagusa chuo kidogo cha ualimu ambacho hakikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote, kisha ukarudi njia kuu ukijifanya hakuna kilichotokea. Mafundi wenu mpaka leo wanapaita Kiwiko cha Profesa.

Kwenye chuo kile alikuwa akifundisha jiografia mdogo wangu wa kike. Kwa mama yetu tumebaki sisi wawili. Kamati ilipokuwa ikiendelea alikuja kututembelea, akakaa jikoni kuchambua mchele na wifi yake, akasema kwa sauti iliyopimwa vizuri ili inifikie sebuleni: "Kaka anaunganisha wasomi wa nchi nzima, wifi. Sisi wa ualimu tutaunganishwa kwa kamba ya mbuzi." Mke wangu akacheka mpaka akapaliwa. Wiki iliyofuata nikagundua kinamasi.

Hilo ni la kwangu na ninalibeba. Lakini yaliyofuata ni ya mtandao wako, na ninayalalamikia kama ifuatavyo:

1. Mliitoa kabatini ripoti yangu ya kinamasi. Niliiandika ikafe, Ndugu Mkurugenzi, kama zinavyokufa ripoti nyingine zote. Enzi zetu tulikuwa na utaratibu mzuri: ripoti ilisainiwa, ikagongwa muhuri, ikaliwa na mchwa. Nchi haikudhurika. Ninyi mkaichukua yangu mkaiweka kwenye hazina ya machapisho ya mtandao, mahali ambapo mchwa hawafiki, tena mkaipa heshima ya kuitwa chanzo cha msingi. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Ningekataa kwa unyenyekevu, na kwa mara ya kwanza maishani unyenyekevu wangu ungekuwa wa kweli.

2. Kinamasi changu kilipewa vyura. Mimi sikuweka chura hata mmoja. Mhadhiri wa kusini aliandika kwamba katika mazingira kama yale "wanatarajiwa kupatikana" vyura wa aina fulani. Mwenzake wa kaskazini akamsoma kwa mwendo kasi wa mtandao, akaandika kwamba vyura hao "wanapatikana". Wa tatu, mwenye huzuni zaidi, akaandika kwamba "walikuwa wakipatikana kwa wingi". Hivyo viumbe wale walitungwa mimba, wakaishi na wakatoweka, wote ndani ya marejeo ya wasomi watatu, bila kumsumbua mtu yeyote kwa kelele. Nasikia kuna kongamano lilisimama kimya kuwakumbuka.

3. Mlitoa shahada kwa ajili ya ukame wangu. Kijana mmoja alichukua kina nilichokitaja kwenye ripoti, ambacho nilikinakili kutoka namba ya mlango wetu, akatoa kina cha sasa, ambacho ni sifuri, akapata kasi ya kukauka inayotisha taifa. Akaandika tasnifu. Kwa kuwa mimi ndiye mgunduzi, niliitwa niwe mtahini wa nje. Nilikaa pale mbele nimevaa tai, nikamuuliza swali moja tu: "Kijana, umefika huko?" Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama babu aliyeuliza redio inaingizwa wapi mkaa. "Profesa," akasema, "data zote zipo mtandaoni." Nilimpa alama za juu. Ningefanyaje? Hesabu zake zilikuwa sahihi. Nadhani yeye ndiye mtu wa kwanza duniani kupata uzamivu bila kulowa.

4. Nilipotaka kukanusha, mlinikatalia. Mwaka jana, mkono ulipokuwa bado unashika kalamu bila shida, niliandika makala fupi ya kusema kwamba kinamasi hiki hakijawahi kuwepo, nikaituma kwenye jarida lenu la mtandaoni. Kwa haki, mlilificha jina la mwandishi ili wasomaji wenu waihukumu bila upendeleo. Wa kwanza akasema mwandishi haonekani kuyafahamu machapisho ya eneo hili. Wa pili akashauri mwandishi atulie kwanza, akaisome kwa makini ripoti ya Profesa fulani. Huyo Profesa fulani ni mimi. Wa tatu aliipenda, isipokuwa aliomba niongeze vyura.

5. Barua yako ya mwezi uliopita. Unanipongeza, unanitakia afya njema, kisha unanijulisha kwamba kwa kuwa kinamasi kimekauka, mtandao utanyooshwa na Kiwiko kitaondolewa. Maana yake chuo cha ualimu kitabaki nje. Yaani ulisinzia darasani, ukaamka, ukawa Mkurugenzi, na jambo la kwanza unalofanya kwa akili timamu ni kuamini uongo wangu mpaka mwisho wake. Ungeamini nusu tu ningekushukuru.

6. Na sasa linakuja lile lililonitoa kitandani. Idara nyingine, ikisoma kutoka hazina ileile, imeanzisha mradi wa kukirejesha kinamasi. Mto mdogo utapindwa, maji yatafunguliwa bondeni, nchi ipate kurudishiwa kile ilichopoteza. Nyumba zote za bondeni zimepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Mojawapo ni ya dada yangu. Amestaafu, ni mjane, na ile nyumba aliijenga chumba baada ya chumba kwa mshahara wa ualimu. X yake iko kwenye ukuta wa jiko. Msimamizi wa mradi, mtu wa adabu kabisa, alimwambia, "Mama, samahani, lakini hapa ulijenga ndani ya maji." Dada yangu akamjibu, "Mwanangu, mimi maji naletewa kwa baiskeli. Hayo ya kwenu yako wapi niyakinge?"

Nilipiga simu kwenye ofisi ya mradi. Nikawaambia mimi ni nani na kwamba nilidanganya. Wakanisikiliza, wakanongʼonezana, kisha binti mmoja akasema kwa sauti ile inayotumika kwa wagonjwa, "Mzee, tunaheshimu sana maoni yako. Lakini sayansi imeshasema." Nikamwambia sayansi ndiyo mimi. Akaniuliza kama kuna mtu mzima hapo nyumbani wa kuzungumza naye. Mke wangu akachukua simu, na kwa mujibu wa mke wangu maneno aliyomwambia hayawezi kuwekwa kwenye hazina yoyote ya machapisho. Kamati ya mradi inakaa mwezi ujao kutia saini. Wakitia, maji yanafunguliwa na dada yangu anahamia asikokujua.

Sasa tuseme ukweli, Ndugu Mkurugenzi. Kosa la haya yote ni la nani? Mimi nilisema uongo mmoja, mfupi, mbele ya watu wachache waliokuwa na njaa ya kwenda kula. Kila mwenyekiti hufanya hivyo. Kabla ya mtandao, msomi aliyetaka kuandika juu ya kinamasi ilimbidi apande gari, ashuke, atembee, aulize njia, afukuzwe na mbwa, na mwishowe afike pale asimame kwenye vumbi ajue kwamba Profesa amemdanganya. Ningekamatwa msimu huohuo. Ningeaibika, ningeomba radhi, na dada yangu angelala salama. Badala yake mliwaunganisha wote kwa wote, wakaanza kusomana wao kwa wao kama watu wanaotazamana kwenye vioo vilivyoelekezana. Katika vyuo vyote mlivyoviunganisha, nasema vyote, hakutokea mtu hata mmoja aliyevaa viatu akaenda kutazama. Hilo ndilo shitaka langu, na ninataka nife nikiwa nalo mkononi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

(a) Ripoti yangu iondolewe kwenye hazina, na mahali pake iwekwe picha ya vumbi.

(b) Vyura wafutwe kwa kinyume cha mpangilio waliozaliwa nao, kuanzia wale waliokuwepo kwa wingi.

(c) Mtandao wote uzimwe mwaka mmoja, na fedha za umeme zitumike kuwanunulia wahadhiri mabuti. Atakayerudi na mabuti masafi achunguzwe.

(d) Mtandao ukiwashwa tena, kila makala ya utafiti ipitie kwanza jikoni kwa dada yangu. Akisema yapo, yapo. Asiposema, mwandishi akae achambue mchele mpaka akumbuke alikoyatoa.

Najua utasema ombi la (c) na la (d) hayawezekani. Hata kinamasi hakikuwezekana, na mlikipa ukurasa wake.

Nisalimie mafundi wote, hasa yule mnene aliyechimba Kiwiko akilalamika kwamba hajaona ardhi kavu kama ile, tukamwambia anyamaze kwa kuwa hajasoma. Nisalimie katibu wako, walinzi wa getini, na mama anayewaletea chai. Yule kijana wa uzamivu mwambie simchukii. Na vyura, ukiwaona.

Mimi niliyekufundisha na sasa najuta hapa na pale,

Profesa mstaafu wa udongo,
mwenyekiti wa zamani wa kamati ya njia.

N.B. Barua hii nilimpa mke wangu aisome kabla ya kuifunga. Aliisoma yote, hata hakucheka kwenye vyura, akaikunja akanirudishia. "Umemaliza?" akaniuliza. Nikasema nimemaliza. Akasema, "Haya," akaenda jikoni. Tumeoana miaka mingi. Hiyo "haya" naijua.

Nimeandika kwamba hakuna mtu aliyekwenda kutazama. Mtu alikwenda. Juma lile mkongo ulipowashwa pale chuo cha ualimu, barua pepe ya kwanza kabisa kutoka kule ilikuwa ya dada yangu. Aliielekeza kwangu na kwa wajumbe wote wa kamati. Naikumbuka yote: "Kaka, tunashukuru kwa kutukumbuka. Leo nimewapeleka wanafunzi wangu wakione hicho kinamasi mlichokikwepa. Tumezunguka bonde zima kwa kandambili, hatukupata tope la kuchafua hata kisigino. Kiko upande gani? Kama hakipo naomba mrekebishe ramani, maana Jumatatu nina kipindi na sitaki kuwafundisha watoto uongo."

Kwa hiyo mtandao wako haukukosea kitu. Ulifanya kazi uliyoletewa. Ukweli ulisafiri juu yake kabla ya vyura, kabla ya uzamivu, kabla hata sijamaliza kupongezwa, na ulifika kwangu mzimamzima. Enzi hizo barua zote za kamati zilipitia kwa mwenyekiti kwanza. Niliizuia hapo. Futa madai yangu yote kuanzia la kwanza hadi (d).

Linabaki ombi moja, na hili si mzaha. Watu wa mradi hawalipokei neno langu, wanataka chanzo. Barua pepe ile ndiyo chanzo, ni cha zamani kuliko tasnifu zao zote, na kimeandikwa na mwalimu wa jiografia aliyekuwa amesimama palepale. Mafundi wenu hujigamba kwamba seva ya kwanza bado mnayo na hamjawahi kufuta kitu. Itafuteni muiweke mezani kwa kamati kabla haijatia saini. Msiitafute kwenye masanduku ya barua yanayotumika, hamtaiona. Itafuteni kwenye yaliyofungwa. Liko moja tu kutoka chuo kile. Mwenye sanduku alifundisha pale mpaka akastaafu, walimu wenzake wote wakiandikiana na dunia, yeye akiomba mtu amsomee, na kila akija hapa nyumbani hunishukuru kwa kuwapelekea mtandao. Anaamini sanduku lake liliungua kwa radi, na kwamba barua ile haikunifikia.

Hakukuwa na radi. Nililifunga mimi.