Baiskeli ya Kushukia, Bega la Kupandishia

Ndugu Mwenyekiti wa Klabu ya Baiskeli za Mteremko,

Salamu kwako na kwa kamati nzima. Kabla hujaendelea kusoma, naomba usahau kwamba umezaliwa tumbo moja na mke wangu. Nakuandikia kama mtu mwenye bega linalouma, wala si kama shemeji yako. Ushemeji tutaurudia Jumapili mezani.

Kama ujuavyo, mimi ni fundi cherehani, na dada yako ni daktari wa meno. Wiki nzima anang'oa meno ya watu, kisha Jumamosi anashuka kilimani kwa baiskeli kana kwamba chini kuna moto anaokwenda kuuzima. Katika shughuli hiyo nina cheo ambacho klabu yenu haijawahi kukitaja: mimi ndiye mpandishaji. Njia ya kupandia, kwa mawe yake na ngazi zake za udongo, haikubali baiskeli kusukumwa, kwa hiyo hubebwa begani, na bega ni langu. Nina malalamiko yafuatayo. Nisipopata jibu kabla ya mashindano ya mwisho wa mwezi, nitaiacha baiskeli chini ya kilima, nikafungue duka langu kama watu wengine.

1. Uzito. Kanuni zenu zinasema baiskeli iwe imara. Nimezisoma mbele na nyuma, na hakuna mahali zinaposema iwe nyepesi. Ni wazi ziliandikwa na watu wanaoiona baiskeli ikishuka tu. Ikishuka, uzito si tatizo. Hata gunia la mawe hushuka vizuri. Lakini kila baiskeli inayoshuka lazima iwe imepanda kwanza, na mimi ndiye ninayejua ilivyopanda. Bega langu la kushoto limekuwa chini kuliko la kulia, na kwa kuwa nina mazoea ya kujaribishia makoti mwilini mwangu, sasa nashona makoti yaliyoinama upande. Karani mmoja wa benki alirudisha la kwake. Nilimwambia yeye ndiye aliyepinda. Mwenyekiti, hadi lini nitaendelea kuwasingizia watu?

2. Maongezi ya njiani. Dada yako hutembea pembeni yangu ameshika helmeti yake tu, akinisimulia habari za wiki nzima. Siwezi kumjibu kwa sababu nahema. Hilo halimsumbui hata kidogo, maana kazini amezoea kuongea na watu walioachama. Tukifika kwenye jiwe la kupumzikia, nikipata pumzi ya kusema neno, ananiambia, "Haya twende, tusije tukachelewa."

3. Fundi wa klabu. Nilimwendea kwa heshima zote nikamwomba apunguze uzito. Kila nilichokigusa alinijibu, "Hicho kikipungua, daktari atavunjika." Nikamganda hadi akachoka, akafunga magurudumu mepesi, mazuri, ya kunyanyua kwa kidole. Siku hiyo nilipanda nikipiga mluzi. Dada yako akashuka, na kwenye ule mruko wa pili, pale baiskeli inapoachana na ardhi, rimu ya mbele ikajikunja kama kitambaa kibichi, naye akapita juu ya usukani akatua kichakani. Nilikimbia kuteremka kwa miguu ambayo sikujua kwamba ninayo. Niliogopa, shemeji, sikufichi. Nilimkuta amekaa chini, mdomo umejaa mchanga, anacheka. Fundi akafunga magurudumu mazito kuliko hata yale ya kwanza, na sasa akiniona naingia karakana anageukia ukutani.

Lawama ni ya nani? Si yangu, wala si ya magurudumu. Ni ya mawe. Naomba kamati iyaondoe yote njiani, na pale kwenye mruko wa pili patandikwe magodoro.

4. Chaki. Suruali ya mwashi huifanyi nzito yote. Unaiongezea kitambaa magotini na makalioni, panapolika. Nikaona baiskeli nayo iwe nyembamba kote, iwe nene panapogongwa tu. Ili nisionekane mbabaishaji, baada ya mbio nilichukua chaki yangu ya kukatia nguo, nikaweka alama kila palipogongwa au kukwaruzwa. Nilipomaliza, baiskeli ilikuwa nyeupe kuanzia usukani hadi gurudumu la nyuma. Kilichobaki na rangi yake ni kengele peke yake. Basi nikaing'oa kengele. Haizidi uzito wa kastabini ninayovaa kidoleni nikishona, lakini angalau nilikuwa na hoja.

5. Kilima. Ikiwa baiskeli haipungui bila daktari kuvunjika, na daktari hataki kuvunjika (hata mimi sitaki), basi kilichobaki kupunguzwa ni kilima. Naomba mashindano ya mteremko yafanyike mahali tambarare. Likishindikana hilo, mstari wa kuanzia uhamishiwe chini, na washindani washuke kutoka hapo kadiri watakavyoweza.

6. Likishindikana na hilo, wajumbe wote wa kamati, wewe ukitangulia, mbebe baiskeli ya daktari hadi juu, naye atembee pembeni akiwasimulia. Nina hakika kanuni zitabadilika kabla ya jiwe la kwanza la kupumzikia.

Niishie hapa, nirudi kwenye makoti yangu yaliyoinama. Nisalimie mama mkwe, umwambie gauni lake liko tayari na mabega yake yako sawa, sikujipima mimi. Wasalimie wajumbe, na yule mpiga filimbi wa kuanzisha mbio kule juu, anayeniona nikifika nimelowa jasho na hajawahi kunipa hata pole. Fundi naye msalimie, ila usimsalimie sana.

Wako katika kupanda,
Mume wa Daktari,
Mpandishaji.

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha dada yako alipoingia kutoka kazini. Nikamwambia nimekuandikia kuhusu mzigo. Akasema, "Mbona kaka ameshapata pikapu? Kuanzia mashindano haya baiskeli zote zinapanda na gari, na sisi tunakaa nyuma." Kisha akaenda kulala, amechoka kama alivyokuwa jana na juzi.

Nimeifungua tena bahasha. Mwenyekiti, siku za kazi mke wangu akitoka, mimi nina pini mdomoni. Akirudi, nina wateja wa kupimwa. Yule mgonjwa aliyemng'ata, ugomvi wake na daktari mwenzake, na kwamba ule mruko wa pili humtia hofu ila hamwambii mtu, yote hayo nimeyasikia nikiwa na baiskeli begani. Tukipanda na gari, tutafika juu kabla hajaanza kusimulia. Na baiskeli ikiwa nyepesi, ni yale yale.

Kwa hiyo naomba pikapu irudi ilikotoka, mawe yabaki, na kilima kisiguswe. Magodoro ya mruko wa pili bado nayataka. Mwambie fundi kwamba kama ana magurudumu mazito kuliko haya, ayafunge, nasi tutatafuta mawe mengine ya kupumzikia. Kengele nimeshairudisha mahali pake. Uzito wake si kitu, lakini ni mwanzo.