Sentimita Saba Zilizopotea Hospitalini Kwenu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Hospitali,

YAH: KUPUNGUZWA UREFU BILA RIDHAA YANGU, KUPEWA ALAMA CHINI YA SIFURI, NA MENGINEYO

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mjane wa miaka sitini na tisa, fundi cherehani, mwenye binti mmoja, mkwe mmoja na akili timamu. Wateja wananiita Bi Pindo, kwa sababu katika miaka arobaini na tatu hakuna pindo la gauni nililoshona mimi likafumuka. Nalitanguliza hilo ili ujue unaandikiwa na mtu wa vipimo, si mtu wa kupayuka tu.

Mwezi uliopita nilinyanyua cherehani yangu ili nifagie chini yake. Kitu kikalia ka! mgongoni, nikajikuta nimekaa sakafuni bila kukaribishwa na mtu. Nilipoletwa kwenu, daktari wa mifupa, yule kijana wa chumba namba tisa mwenye sauti ya kubembelezea watoto, alisema pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea. Akauliza kama nimewahi kuvunjika kabla ya hapo. Nikamwambia ni kifundo cha mkono tu, mwaka juzi, na kosa lilikuwa la sakafu ya jikoni. Akaandika. Kisha akatamka kwamba mifupa yangu imekuwa dhaifu, tena kwa kiwango kikali, akanipa karatasi ya dawa na makatazo nikachague dawa moja ndani ya wiki mbili. Mheshimiwa, wiki mbili zinaisha Jumatatu na sijachagua kitu. Badala yake nalalamika kama ifuatavyo.

1. Urefu wangu. Kadi yenu ya zamani, ya mwaka niliojifungua binti yangu, inasema nina sentimita mia moja sitini na mbili. Muuguzi wenu amenisimamisha ukutani akaandika mia moja hamsini na tano. Nilipohoji, akasema uti wa mgongo ukibonyea mtu hupungua. Hebu jamani! Mteja akinipa mita tatu za kitambaa nikamrudishia mbili na nusu, nikamwambia eti kimepungua chenyewe, si nitaitwa mwizi mtaa mzima? Niliingia kwenu na sentimita mia moja sitini na mbili. Nazidai.

2. Alama. Nililazwa chini ya mashine ya kupima uimara wa mifupa, ikatoa karatasi yenye "kasoro tatu nukta nane". Yaani chini ya sifuri! Shuleni niliwahi kupata sifuri ya hesabu, na mwalimu hakuwa mtu wa huruma, lakini hata yeye alikomea hapo. Daktari akaeleza kwamba hesabu inaanzia kwa kijana wa miaka thelathini. Sasa mimi nilishindanishwa na kijana wa miaka thelathini kwa kosa gani?

3. Kidonge cha kila wiki. Kinywewe asubuhi kabla ya kitu chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu. Chai marufuku. Kisha nusu saa nzima nisilale, nisiiname, nisile, maana kikikwama kinachoma koo. Mheshimiwa, mimi niliolewa kwa masharti machache kuliko hayo, na ile ndoa ilidumu miaka thelathini na moja.

4. Dripu ya mara moja kwa mwaka. Hii kidogo ilinivutia, kwa vile mtu unamaliza unaenda zako. Kumbe kwanza nipimwe figo, halafu niende kwa daktari wa meno! Mgongo unauma, natumwa mdomoni. Daktari akasema dawa hizi mara chache sana huweza kudhuru taya, kwa hiyo meno mabovu yashughulikiwe mapema. Nimebakiwa na meno kumi na tisa, yote yana adabu, na sioni kwa nini yaitwe kutoa ushahidi.

5. Sindano, na ziko mbili. Ya kwanza ni ya kila miezi sita, inazuia mfupa usiendelee kuliwa. Nikauliza, nikichoka niache? Akasema nisithubutu kuiacha ghafla bila kubadilishiwa dawa nyingine, kwa sababu pingili zinaweza kuvunjika mfululizo. Mimi hiyo siiti dawa, naiita ukwe: ukishaingia, hutoki hivi hivi. Ya pili inajenga mfupa mpya, na ndiyo anayoipendekeza yeye kwa mtu aliyekwisha kuvunjika kama mimi. Nijichome mwenyewe tumboni kila siku, mpaka miaka miwili, kisha ifuatiwe na dawa nyingine ya kulinda kilichojengwa. Aliponiona nimenuna akaniambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali nilizijua kabla hajazaliwa babake!

6. Nyumba yangu. Karatasi yenu ilisomwa na mkwe wangu, fundi bomba, mtu asiyeweza kuona ukuta akauacha salama. Sasa chooni kuna vyuma vya kushikilia pande zote mbili, utadhani nasafirishwa kwa basi. Zulia la sebuleni limekunjwa na kufichwa, kandambili zangu zimetupwa, taa ya korido inawaka wakati wote. Binti yangu ananisimamisha nishike meza ya jikoni, niinuke kwa vidole vya miguu mara ishirini, kisha nisimame kwa mguu mmoja, halafu tutembee nusu saa juani. Maziwa nayanywa kama ndama. Na nimekatazwa kuinama mbele! Fundi cherehani asiyeinama anashona nini? Mkwe ameiinulia cherehani meza, nashona nimenyooka kama hakimu. Nakiri mgongo hauumi sana siku hizi, ila huo si msingi wa barua hii.

7. Hapa ndipo maji yaliponifika shingoni. Binti yangu alikaa miaka kumi na mmoja bila mtoto. Tulilia naye, tukaomba naye, tukafika mahali tukaacha kulizungumza. Mwaka huu amepata mtoto wa kike, ana miezi minne na mashavu ya kutosha watoto wawili. Daktari wenu amesema nisimnyanyue. Nikae kwanza kitini, ndipo mtoto awekwe mapajani. Nimesubiri mjukuu miaka kumi na mmoja, halafu naletewa kama chakula cha mgonjwa! Juzi alilia kitandani nikiwa peke yangu chumbani, nikasimama pale nimenyoosha mikono kama mjinga, mpaka mamake akaja. Sijapata kuaibika hivyo maishani.

Najua daktari wenu atamtaja dada yangu mkubwa, kwa kuwa niliulizwa kuhusu familia nami nikajibu. Naomba dada asiingizwe katika shauri hili. Yeye aliteleza akitoka kuoga, akavunjika nyonga. Alikuwa mwanamke wa kucheka mpaka majirani wanafungua madirisha. Alilala miezi mitatu akitazama dari, akafa. Yeye hakuwahi kupewa karatasi ya kuchagua, na mimi sioni uhusiano wowote.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Kwanza, sentimita zangu saba zirudishwe. Pili, neno "kali" lifutwe kwenye faili, pawekwe "uchovu", maana hata kitambaa kilichofuliwa miaka sitini na tisa hakiitwi kigonjwa. Tatu, daktari wa chumba namba tisa ahamishiwe wodi ya watoto, kunakofaa sauti yake. Nne, nipewe cheti chenye muhuri, kinachosema Bi Pindo anaruhusiwa kumbeba mjukuu wake. Mkinipa hicho cha nne, hayo mengine tunaweza kuzungumza.

Nisalimie wauguzi wote, hata yule wa ukutani. Msalimie mzee wa mapokezi aliyenipa kiti chake, na yule mama wa usafi aliyeniambia sakafu ni mbichi, nipite pembeni.

Wako katika kudai haki,
Bi Pindo,
Fundi wa nguo za kike na sare za shule

Nyongeza: Jana nilikuwa natafuta bahasha ya kutilia barua hii, nikakuta kabatini gauni langu la bluu. Mheshimiwa, nina siri ya kazi. Kwa miaka sita magauni yangu yamekuwa yakirefuka. Nilimlaumu muuza vitambaa. Nilimwendea dukani kwake mbele ya watu nikamwambia anauza vitambaa vinavyonyumbuka, yule bwana akanirudishia pesa ili tu ninyamaze. Kila gauni likirefuka nilipandisha pindo na kuendelea na kazi.

Jana hiyo nikalifumua lile la bluu. Ni mapindo matatu, moja juu ya jingine, mkono wangu mwenyewe. La kwanza sentimita tatu, la pili mbili, la tatu mbili na nusu. Kitambaa hakikunyumbuka. Nilikaa na lile gauni mapajani mpaka chai ikapoa.

Kwa hiyo naomba faili lirekebishwe: si saba, ni saba na nusu. Muuza vitambaa nitamwomba radhi mwenyewe. Jumatatu nakuja na binti yangu, nitaanza ile sindano ya kila siku. Miaka arobaini na tatu nimeshika sindano na mkono hautetemeki. Kwa daktari wa meno nimepita asubuhi hii, kwa ajili ya ile dawa itakayofuata. Na yule kijana wa chumba namba tisa abaki hapo hapo alipo, tafadhali. Cheti sikitaki tena. Mtoto ataanza kutembea mwakani, atakuja kwangu kwa miguu yake. Nataka anikute kitini, si kitandani nikitazama dari.