Zeze la Bwana Baolu Kutoka Ubelgiji

Tangu mwaka wa lile tetemeko kubwa la ardhi hadi leo, mtaa wetu hapa Tianjin haujapata kuona mabega kama ya Xing Baolu! Hakuzaliwa nayo. Alizaliwa na mabega ya kawaida, mabega ya watu wa kwao, yamekaa chini kwa adabu. Lakini aliporudi kutoka Ubelgiji baada ya miaka ishirini, yalikuwa yamepanda mpaka masikioni. Ukimtazama kwa mbali ungedhani kichwa kimewekwa tu pale juu, hakina shingo.

"Mimi si mpiga zeze," alimwambia dada yake, Xiuyun, kabla hata hajavua viatu. "Mimi ni balozi wa zeze."

"Na balozi analala wapi?" aliuliza shemeji yake, Fu, mume wa Xiuyun.

Balozi alilala sebuleni, kwenye kitanda cha kukunja, kati ya magunia ya choroko na madumu ya mafuta. Fu na Xiuyun walikuwa wakiuza chapati za maji za unga wa choroko pale kona, na kila alfajiri foleni ilijipanga, kila mteja na mayai yake mkononi, maana mtu wa Tianjin hamwamini mwenzake kwenye suala la yai.

Wiki ya kwanza Baolu alisimulia kumbi za dhahabu. Wiki ya pili alisimulia meya aliyelia machozi. Wiki ya tatu meya akawa mfalme. Wiki ya nne Fu akanunua pamba za masikio.

Sasa ukweli wenyewe ni huu. Huko Ubelgiji Baolu alipiga zeze katika mgahawa mmoja ulioitwa Joka la Furaha, amekaa kati ya tangi la samaki na mlango wa choo. Siku ya kwanza kabisa alikaa, akaliweka zeze lake la ngozi ya chatu juu ya paja, akaanza kukaza nyuzi. Uzi mnene, nyiii. Uzi mwembamba, nyeee. Akalegeza kidogo, akakaza tena. Wazungu wa meza ya nne wakapiga makofi!

Mtu mwenye haya angesema, samahani jamani, bado sijaanza. Baolu alisimama, akainama mpaka paji la uso likataka kuingia kwenye supu ya mtu.

Tangu siku ile kukaza nyuzi kukawa wimbo. Akaupa jina: Korongo Atua Ziwani Alfajiri. Akaurefusha ukafika dakika kumi na mbili. Miaka ishirini mtu anakaza na kulegeza, anakaza na kulegeza, anapewa bata wa kuchoma na makofi! Nyimbo zile alizofundishwa kwa fimbo chuoni zikamtoka moja moja, kama nywele. Hakuzitafuta. Za nini? Hata alipoangusha upinde sakafuni walipiga makofi.

Kisha Joka la Furaha likafungwa, pakageuzwa kuwa pa kufulia nguo, na Baolu akapanda ndege kurudi. Nyumbani alisema ameitwa na taifa.

Wiki ya sita Fu aliweka mwiko chini.

"Sikiliza, balozi. Magoti yangu hayasimami tena mbele ya kikaango. Kwa Bi. Shang, kwenye nyumba ya chai, Mzee Guan mpiga zeze ameacha, vidole vimekakamaa. Kiti chake kiko wazi, na kina chumba chake ghorofani. Jumamosi nenda ukajaribiwe. Ukikipata, hamia huko, nami nitakupigia saluti barabarani. Ukikikosa, Jumatatu saa kumi na moja alfajiri unashika mwiko."

"Mwiko! Vidole hivi, shemeji? Vidole vilivyomliza mfalme?"

"Basi hutapata shida. Pale kuna vitunguu vingi, navyo vinaliza."

Xiuyun hakucheka. Yeye ndiye aliyemlea Baolu mama yao alipofariki, na kwa wiki sita alikuwa amewatangazia wateja, kila chapati na tangazo lake, kwamba hakuna mpiga zeze kama mdogo wake. Alimfuata sebuleni.

"Mdogo wangu, wale wazee wa kwa Bi. Shang si watu wa mchezo. Wakipenda, wanapaza sauti: Vizuri! Lakini wasipopenda—"

"Dada," alisema Baolu na kuinua kiganja, "mimi wa kufundishwa kushangiliwa?"

Laiti angemwacha amalize! Lakini Baolu enzi za ujana wake alikuwa msomi wa chuo cha muziki, nyumba za chai akiziona ni za wachuuzi, mguu wake hakuutia. Hakujua. Wazee wetu wakiguswa hutoa neno moja fupi, Vizuri! kama kofi, papo hapo utamu unapopita. Ukikosea, hawazomei. Kuzomea ni ushamba. Husubiri noti ile ile ya wimbo iliyoanguka, palepale ilipoangukia, kisha wanakupa kwa pamoja, ndefu, tamu, na tabasamu juu: Vizuuuuri! Kuna mwimbaji alipewa moja tu akahamia mkoa mwingine.

Jumamosi mchana Baolu aliingia kwa Bi. Shang amevaa kanzu ya hariri ya buluu yenye maua ya mviringo, aliyoinunua Ubelgiji kwenye duka la nguo za sherehe. Wazee kumi na wanane waliacha kumenya mbegu za matikiti. Mstari wa mbele alikaa Mzee Tao, kinyozi mstaafu, aliyekalia kiti kile kile kwa miaka thelathini.

"Jamani," alinong'ona Mzee Tao, na mnong'ono wake ulisikika mpaka jikoni, "maiti hii imetoroka wapi?"

Kwani hariri ile ilikuwa sawasawa na tunayowavika marehemu wetu! Mpaka yale maua. Baolu aliona wanamtumbulia macho, akaona kanzu imefanya kazi yake. Akainama.

Bi. Shang alimwonyesha kiti. Pembeni alisimama Lian Suqin, mwimbaji wa nyumba ile, mama wa miaka sitini na minane mwenye sauti ya kuchana shuka. Wapiga zeze watatu wa kabla ya Mzee Guan aliwafukuza kwa jicho tu.

"Karibu, Mwalimu," alisema Suqin. "Tuanze?"

"Kwanza niwape zawadi," alisema Baolu. "Wimbo ulioitikisa Ulaya nzima. Korongo Atua Ziwani Alfajiri!"

Akafumba macho. Nyiii. Nyeee. Akalegeza, akakaza. Korongo akazunguka ziwa. Nyiii. Korongo akatafuta pa kutua. Nyeee. Mtu alijaziwa chai mara mbili. Mwingine alikwenda msalani akarudi, korongo bado yuko hewani! Hata hivyo wazee walinyamaza kwa heshima, maana mpiga zeze akikaza nyuzi zake hasumbuliwi, huo ndio ustaarabu.

Dakika ya kumi na mbili Baolu aliinua upinde juu, akafumbua macho, akangoja.

Mtu akamenya mbegu, ka!

Mzee Tao aliweka kikombe chini taratibu. "Zimekaa sawa sasa, Mwalimu?"

"Nini?"

"Nyuzi. Kama zimekaa, anza basi."

Nyumba ililipuka! Mzee mmoja alipaliwa na mbegu, ikabidi apigwe mgongoni. Baolu alitabasamu kwa huruma. Moyoni alisema, watu hawa hawajazoea vitu vikubwa, wanacheka kwa mshtuko.

Suqin hakucheka. Alivuta pumzi akaanza kuimba, na kazi ya zeze pale ni moja tu: kumfuata mwimbaji kama kivuli, akipumua upumue, akigeuka ugeuke. Ule ulikuwa wimbo wa kila siku, mpaka wauza samaki wanaujua. Baolu aliwahi kuujua pia, kabla ya bata na makofi.

Suqin akapanda, Baolu akashuka. Kidole kikateleza kwenye uzi mwembamba, zeze likalia kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Vizuuuuri!"

Wazee kumi na wanane, sauti moja! Baolu alisikia damu ikimpanda kwa furaha. Kumbe wamenielewa! Akainuka nusu, akainama, akaketi. Na kwa kuwa wamependa pale, si akarudia palepale? Akateleza kwa makusudi, kwa madaha, na kichwa akakiyumbisha.

"Vizuuuuri!"

Akainama tena. Suqin alikuwa ubeti wa pili, zeze liko ubeti wa kwanza linapokea salamu. Akamkata jicho lile la kufukuza. Wapi! Baolu amefumba macho yake, yuko Ubelgiji. Mara ya tano. Mara ya saba. Mara ya nane hata mama wa kuchemsha maji alitoka jikoni na birika lake, akaitikia na wazee. Mara ya tisa walisimama wote!

Suqin alimaliza wimbo peke yake, akakunja kipepeo chake cha kujipepea, akamwinamia.

"Mwalimu, mimi nilikuwa naimba. Wewe ulikuwa wapi?"

"Juu sana, mama," alijibu Baolu kwa unyenyekevu. "Juu sana."

Nyumbani aliingia mabega yakiwa karibu kugusa dari. Xiuyun alikuwa anachambua choroko, Fu analoweka magoti kwenye beseni.

"Dada! Mara tisa! Mara tisa wamenipazia sauti katikati ya wimbo!"

Mkono wa Xiuyun ulisimama. "Fupi au ndefu?"

"Ndefu! Ndefu mno! Vizuuuuri, hivyo! Na kila nilipoteleza kwenye uzi mwembamba ndipo walipozidi."

Xiuyun alikalia gunia. Wiki sita za matangazo zilimpita usoni, chapati moja moja.

"Na mara ya tisa," aliendelea Baolu, "walisimama wote."

"Walisimama!" Fu alitoa miguu kwenye maji kwa heshima. "Shemeji, hiyo haijatolewa tangu mwaka ule yule bwana alipodondosha meno ya bandia ndani ya ngoma!"

Akacheka mpaka beseni likapinduka. Xiuyun ndiye aliyelazimika kumweleza, neno kwa neno, yale aliyokatazwa kuyamalizia. Baolu alisikiliza. Mabega yalianza kushuka: kwanza yakaachana na masikio, kisha shingo ikaonekana, shingo tuliyokuwa tumeisahau.

"Hata ile ya kwanza?" aliuliza.

"Hasa ile ya kwanza."

Kesho yake habari zilikuja kwamba kiti amepewa Bi. Pang, kondakta mstaafu wa basi, aliyekuwa akijipigia zeze lake bustanini miaka yote, hajavuka hata daraja la mto kwenda kujitangaza.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri Baolu alishika mwiko. Foleni siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko siku zote, ikapinda kona. Mtaa mzima ulikuwa na njaa ya ghafla! Xiuyun alipokea mayai bila kumtazama mtu usoni.

Wa kwanza alikuwa Mzee Tao, na mayai yake mawili. Baolu alimwaga uji wa choroko kwenye kikaango, akautandaza. Akavunja yai moja, akavunja la pili. Akaingiza mwiko chini, akavuta pumzi, akageuza.

Chapati ilipasuka katikati, nusu ikabaki kikaangoni, nusu ikaangukia kiatu chake.

"Vizuuuuri!" ikajibu foleni, kutoka mbele mpaka kule kona.

Safari hii Baolu hakuinama.