Mama Mkwe, Jumlisha Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeahidi mbele za watu, siwezi kurudi nyuma. Mama mkwe na mdogo wake hawajasemezana miaka tisa, tangu wagombee nyumba ya baba yao. Sasa wamepatana kwa simu. Mama Mdogo anakuja keshokutwa, anaondoka Jumamosi. Mama mkwe anataka kitu kimoja tu: picha yao wawili ya kutundika sebuleni. Watu wote wakamgeukia shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye studio. Hapo mdomo ukanitangulia. Nikasema kazi hiyo niachiwe mimi. Mke wangu akauliza nina kamera gani. Ya kuazima, kwa mhasibu wetu kazini. Shemeji akatabasamu. Tabasamu lile silipendi.

Jumanne, 4 Machi
Vitufe vingi kuliko akili. Mhasibu kashauri niiache kamera ijichagulie yenyewe aina ya mwanga. Ushauri wa mtu asiye na ndoto. Ndani kuna alama za jua, wingu na balbu. Nimechagua balbu: kazi yake ni kuwasha, na nani hataki mwanga? Jaribio la kwanza uani, saa sita mchana, mke wangu akianika nguo. Kila kitu buluu. Shuka buluu, kuku wa jirani buluu, mke buluu. Kauliza kama ndiyo sura atakayokuwa nayo akifa. Nimemwambia ni mtindo.

Jumatano, 5 Machi
Mama Mdogo kafika. Walisimama mlangoni wameshikana mikono. Nilipiga picha kumi na nne, dirisha likiwa nyuma yao. Dirisha limetoka safi sana, hata nondo unazihesabu. Wao ni vivuli viwili.
Shemeji kaangalia, hakucheka. Kasema kamera imeona mwanga wa dirisha ikadhani unatosha, ikawasahau watu. Niwageuze waelekee dirishani, au niongeze kidogo kwenye kitufe cha jumlisha na toa. Nimemshukuru kwa sauti ya mtu asiyeshukuru.
Chakula kimeliwa kimya. Kila mmoja anamwogopa mwenzake.

Alhamisi, 6 Machi
"Kidogo" ni neno la waoga. Nimepeleka kitufe hadi mwisho, jumlisha tatu. Wamevaa nguo nyeupe, wamesimama mbele ya ukuta mweupe. Nguo zimeyeyukia ukutani. Vimebaki vichwa viwili vilivyopauka, vinaelea kama puto.
Mama mkwe kaitazama sana. Kisha kasema: "Mwanangu, mimi bado niko hai. Umenipeleka wapi?"
Mama Mdogo akadakia: "Usijali, dada, tumekwenda wote."
Wakaanza kucheka. Wakacheka hadi wakakaa chini, mmoja kaegemea bega la mwingine. Baadaye nikawasikia jikoni wakiitaja ile nyumba, bila hasira. Mimi nimeumia. Kazi yangu ni sanaa, si kichekesho.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepita studio kwa shemeji kuuliza kuhusu rangi, kwa niaba ya rafiki yangu mmoja asiyejua kamera. Shemeji kanipa karatasi nyeupe. Kasema nimwambie huyo rafiki aiweke penye mwanga uleule, aipige picha, kisha aiagize kamera ichukue hiyo kuwa nyeupe. Rangi nyingine zitajipanga. Akaniagiza nimsalimie rafiki.
Njiani mvua ikailowesha. Nimetumia bahasha ya kaki. Kamera imeamini kaki ni nyeupe. Wazee wangu wametoka kama waliokaa kwenye friji.

Jumamosi, 8 Machi
Teksi mlangoni, picha hakuna. Mama mkwe hakulaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Mke wangu kaninyang'anya kamera taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu, kampa kaka yake. Karatasi, jumlisha kidogo, picha moja. Ngozi ni ngozi, nguo ni nguo, mikunjo ya gauni yote inaonekana. Nzuri. Nimeandika neno hilo na mkono umeuma.
Mama Mdogo, mguu mmoja ndani ya teksi, kaniita kando. Kaomba nimtumie pia ile ya vichwa viwili. Kasema kabla ya picha ile alikwishafunga mizigo aondoke mapema. Hakujua aanzie wapi kuzungumza na dada yake. Niliinama kutafuta kitu chini ambacho hakikuwepo.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari. Mteja mwenyewe kaiomba. Maana yake niko mbele ya wakati wangu.
Nimempigia mkurugenzi wetu wa kazini simu nyumbani. Kakubali: picha za vitambulisho vya wafanyakazi wote sitini na wawili nitazipiga mimi, Jumanne. Shemeji kajitolea kuja kesho kunifundisha. Nimemwambia kesho sina nafasi. Nataka kujaribu jumlisha nne, kama kamera inayo.