Joho Langu Dhidi ya Jua

Jumatatu, 3 Februari

Nadai hivi, nami nitalitetea dai langu mbele ya yeyote: hakuna nguo ya kukinga jua inayouzwa dukani ambayo mtu aliyesoma hawezi kuibuni nyumbani kwa vitambaa alivyo navyo. Kitambaa ni kitambaa. Kinachouzwa ghali ni maneno yaliyoshonwa kwenye lebo.

Naandika kwa hasira. Leo nimemsindikiza Dada kwenye duka la nguo za michezo. Bintiye ana miaka saba, ana ualbino, na ana maswali mengi kuliko mimi. Jumamosi darasa lao linakwenda kwenye bwawa la kuogelea. Daktari ameruhusu kwa sharti moja: mwili ufunikwe kuanzia shingoni hadi magotini, mikono hadi viganjani, kwa nguo isiyopitisha jua hata ikilowa. Mwaka jana hakuwa nayo. Alishinda chini ya paa akimshikia mwenzake taulo. Aliporudi hakulia. Hilo ndilo lililomliza Dada.

Nguo yenyewe ilikuwepo. Dada akaitazama bei, akaitazama tena, akairudisha kwenye hanga taratibu kama anayelaza mtoto mchanga. Hapo nikaingilia kati. Nilimweleza mwenye duka kuhusu mwanga, soko na unyonge wa mnunuzi. Nilitumia neno "utapeli", kwa maana yake ya kitaaluma. Mama yule alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama nimemaliza, akasema: basi, msomi, kashone yako.

Nimekubali! Mbele ya wateja!

Tulipokaribia nyumbani Dada akasema kwamba mdomo wangu utakuja kutuponza. Amenipa hadi Ijumaa.

Jumanne, 4 Februari

Utafiti. Nimetoka uani na shuka, pazia la sebuleni, shati langu la usaili, na moja baada ya jingine nikaviinua mbele ya jua. Mpwa wangu alikaa ndani, nyuma ya mlango, na kofia yake, akinisimamia kazi.

Sikuwa tayari kwa nilichokiona. Shuka lilijaa vijua vidogo vidogo visivyohesabika, kimoja katika kila kitundu cha uzi. Miaka yote nimejifunika anga zima la nyota bila habari! Pazia liligeuza mwanga kuwa wa chungwa, nikawa kama mbegu ndani ya tunda. Shati la usaili nalo liliniaibisha. Niliona vidole vyangu vyote kupitia humo. Si ajabu hawajaniajiri.

Kisha nikalitoa kabatini joho langu la mahafali. Jeusi, zito, la heshima. Nikajifunika kichwa na kutazama juu.

Giza. Giza timamu!

Nilisimama humo muda mrefu, nywele zimenisisimka. Jua, lililo mbali kiasi ambacho akili hukataa kukipima, limesafiri njia yote ile bila kizuizi, na limekuja kukwama kwenye joho langu. Sijawahi kuiheshimu elimu kama nilivyoiheshimu leo.

Mpwa wangu akauliza kama ile kofia ya joho, yenye pembe, nayo itaingia majini. Nikamweleza kwa kirefu hadhi ya kofia ile. Akasema sawa, Mjomba, yeye alikuwa anafikiria masikio tu.

Jumatano, 5 Februari

Kwa fundi cherehani. Alilipokea joho, akaligeuza, akaniuliza kama mama yangu anajua. Nikasema mimi ni mtu mzima. Akasema hakuuliza hilo.

Mkasi ulipoingia kwenye bega la kushoto, niliangalia barabarani.

Tumebishana mara mbili. Kwanza alitaka kujua kama kitambaa kinavutika. Nikamjibu kwamba ubora wake ni huo huo, hakivutiki wala hakiyumbi. Pili alitaka kutia zipu mgongoni. Zipu! Zipu ni ufa, na jua halihitaji mwaliko wa pili. Nikaagiza nguo isiyo na mwanya popote: tundu la kichwa, mawili ya mikono, mawili ya miguu, basi. Fundi alinitazama kama mtu anayeona gari likirudi nyuma kuelekea mtaroni, ila dereva si ndugu yake. Akashona.

Ni nguo ya kutisha kwa uzuri. Nimeitundika ukutani na kuitazama hadi chakula kikapoa.

Alhamisi, 6 Februari

Jaribio la kwanza, bafuni. Kumwingiza kulituchukua muda, maana kichwa kiligoma, kisha kiwiko, lakini hatimaye alisimama mbele yangu amefunikwa barabara. Nilipatwa na kicho. Nilimwambia hakuna mtoto aliyewahi kulindwa hivi tangu dunia iumbwe. Akasema anashukuru, ila hawezi kukaa.

Nikammwagia maji.

Kitambaa kikamganda. Nikamwomba apige mbizi ya mfano. Akanyanyua mikono, na mikono ikabaki huko huko juu. Haikushuka. Nikavuta kutoka juu, nikavuta kutoka chini, nikasimama juu ya ndoo nikavuta tena.

"Mjomba," akasema kutoka ndani ya kola, "nimekuwa chupa."

Dada akaingia wakati huo, akitoka kazini. Akamkuta mwanawe mikono juu kama aliyevamiwa na majambazi, na mdogo wake yuko juu ya ndoo. Hakuuliza kitu. Alikwenda kuchukua mkasi. Mtoto alicheka muda wote nguo ilipokuwa ikikatwa, nami nilisema, kwa haki ya kisayansi, kwamba hata hivyo jua halikupita.

Dada akasema bafuni hamna jua.

Mtoto alipokwisha kukauka aliacha kucheka. Akatuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, Jumamosi atashika taulo za nani, maana yule wa mwaka jana amehama shule.

Sikuweza kula.

Ijumaa, 7 Februari

Dada amerudi dukani peke yake. Alinikataza kumfuata, kwa kidole. Nimeshinda nikizunguka uani, roho juu.

Amerudi na nguo! Ile ile, mikono mirefu, kola ya kufunika shingo, zipu mgongoni. Ila ni ya rangi mbili. Upande wa kushoto ni buluu iliyokoza, upande wa kulia umepauka kama majivu. Ilining'inia kwenye kabati la kioo mbele ya duka tangu msimu uliopita, jua likiichoma upande mmoja, na mwenye duka huziuza nguo za kioo kwa bei ya kutupa.

Kisha Dada akanikalisha chini, akasema nisikilize vizuri. Kumbe Jumatatu yule mama alikwisha kumwona jinsi alivyoirudisha nguo kwenye hanga. Alikwisha kushika ufunguo wa kabati la kioo. Alikuwa anakuja kumpa hii. Ndipo nikaanza kuhutubia.

"Alisema, 'Ningekupa siku ile ile, dada yangu. Lakini huyo kaka yako aliniita tapeli, nami nina moyo.'"

Niliigeuza nguo nje ndani, kutafuta la kusema. Kwa ndani ilikuwa buluu tupu. Pande zote mbili! Msimu mzima jua limekiegemea kioo kile, limeula uso wa nguo hadi ukafanana na majivu, na halikufika ndani. Nilipitisha kiganja ndani ya mkono wake mdogo. Nilitaka kupiga magoti.

Nilikaribia kabisa kukiri jambo fulani. Lakini nikatafakari. Kabla ya hoja yangu, bei ilikuwa juu. Baada ya hoja yangu, bei iko chini. Kati ya hizo mbili palikuwa na nini?

Mimi.

Jumamosi, 8 Februari

Ameingia majini!

Alishuka ngazi moja moja, akashika ukingo, akatuangalia. Mwalimu wao akasema haya, uso ndani. Akazamisha uso. Nikabana pumzi yangu pamoja naye. Bwawa lote liliwaka mwanga, mwanga ukicheza juu ya mgongo wake wa buluu na majivu, na haukumpata. Haukumpata! Nimesoma vitabu vingi, hakuna kilichoniandaa kwa mgongo ule mdogo ulioelea. Dada alinishika mkono bila kukusudia.

Akaibuka akitema maji. "Mjomba! Huko chini mwanga unatembea!"

Nililia kidogo. Ilikuwa klorini.

Wakati wa kutoka nilimweleza Dada kwamba joho lile, lingetiwa zipu, lingefanya kazi ile ile. Akaniambia niende mbele, yeye atakuja nyuma.

Kwa hiyo ninamtaka mwenye duka anijibu hadharani. Abandike jibu lake kwenye kioo cha mbele, kwa maandishi yanayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Ama akiri kwamba hoja yangu ya Jumatatu ndiyo iliyoiangusha bei ile, ama aeleze, mbele ya wateja wake wote, ni kitu gani kingine kingeweza kuiangusha. Kimya hakitapokelewa. Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwake kusoma.