Baba wa Bibi Harusi Juu ya Jabali

Katika Bukavu nzima hakuna mtu anayejua kupanda miamba kuliko mimi! Maneno hayo niliyasema mwenyewe, mbele ya wakwe zangu watarajiwa, nikiwa nimekaa kwenye kiti chenye mito, miguu yangu juu ya kiti kingine.

Hakuna aliyenilazimisha. Hata swali lilikuwa halijaulizwa.

David, kijana anayetaka kumuoa binti yangu Noëlla, alikuwa amesema tu kwamba shirika lake limesafisha njia ya kutembea kwa miguu kandokando ya ziwa, kwenye kisiwa cha Mabuye. Kisiwa chenyewe ni hifadhi: mawe, ndege, miti isiyokatwa, basi. Akapendekeza familia zetu mbili ziende huko Jumamosi, zizoeane kabla ya siku ya dot, yaani mahari.

"Ila papa, kule iko majiwe mingi," akaongeza kwa upole.

"Majiwe?" Nikacheka kama jenerali aliyetajiwa mbu. "Mi nilizaliwa Nyangezi, mwanangu! Milima ya kule njo ilinifundisha kutembea. Majiwe yananijua kwa jina!"

Mke wangu Godelive alikohoa. Godelive akikohoa namna ile, si mafua.

Sasa nieleze sababu ya majivuno yale. Nilikuwa nataka ng'ombe. Si bahasha yenye thamani ya ng'ombe, kama wanavyofanya watu wa mjini siku hizi. Ng'ombe mwenyewe, mwenye pembe na mkia, ateremke barabara yetu ya Nyalukemba mchana, watu wakiwa nje!

Jirani yangu Aganze alipomuoza binti yake aliletewa wa namna hiyo. Mnyama yule alipita mbele ya lango langu, akasimama, akaniangalia, akaacha mavi yake pale pale. Aganze hakuyazoa. Makusudi! Kila mpita njia aliuliza, "Hii ni ya ng'ombe ya nani?" na Aganze alikuwa dirishani na jibu mdomoni.

Shida ilikuwa mama wa David, Maman Bibiane. Yeye alikuwa mtu wa bahasha. Ni mjane, mkuu wa shule ya sekondari, mrefu, mpana, na akiita mwanafunzi mmoja wananyamaza hata wa shule ya jirani. Nikawaza: akiniona nimetangulia juu ya miamba kama simba, ataona haya kuniletea karatasi. Mtu wa namna hii hupewa ng'ombe!

Jumamosi tukapanda boti. Nilivaa buti mpya, kofia pana, miwani myeusi, filimbi shingoni na fimbo mkononi. Godelive alivaa sandali za plastiki na kubeba sufuria.

"Unaenda kupigana na nani?" akaniuliza.

Kisiwani tulipokelewa na Gentil, mlinzi wa hifadhi, aliyetusalimu kama wazazi wake.

"Bazazi, karibuni. Mufuate tu hizi alama nyeupe kwenye majiwe. Njia inazunguka kando ya mayi mpaka fasi ya kukulia chakula. Musiiache."

"Alama ni za batoto," nikamnong'oneza Maman Bibiane. Nilinong'ona kwa kupiga kelele, maana nyumbani kwetu tulifundishwa kwamba mukwe hasogelewi. Humpi mkono ovyo, hukai naye kiti kimoja, na ukipita karibu yake unajikunja kama nguo iliyopigwa pasi.

Nikatangulia. Nilitangulia vizuri sana, mpaka kona ya kwanza.

Baada ya kona ile, Noëlla na David walinipita wakicheka. Godelive akanipita na sufuria yake. Kisha akanipita Maman Bibiane, ameshika simu sikioni, anamgombeza mwalimu fulani wa hesabu bila hata kuhema. Mimi nilikuwa nimeegemea mti, najifanya nachunguza magome.

Simba gani huyu, anayeachwa na sufuria?

Hapo nikaliona jabali. Lilisimama kati yangu na mahali pa kulia chakula, jeusi, lenye upara. Nikapiga hesabu: nikikatiza hapo juu yake, nitatokea mbele yao wote, na wakifika watanikuta nimesimama kileleni, mkono kiunoni. Maman Bibiane ataangalia juu. Ng'ombe atakuwa wangu!

Kupanda nilipanda, sikatai. Nilipanda kwa mikono, kwa magoti, kwa tumbo, na mahali fulani kwa kidevu. Fimbo ilianguka. Kofia ikaifuata fimbo. Lakini walipotokea kule chini na kutandika mkeka, mimi nilikuwa juu, mkono kiunoni, kama sanamu ya ukombozi.

"Papa!" Noëlla akapiga kelele. "Ulifika juu ya hapo namna gani?"

"Ni mazoea tu, mwanangu!"

Na Maman Bibiane, nilimsikia kwa masikio yangu, akasema: "Ah, huyu muzee ana nguvu!"

Kwenye kichwa changu ng'ombe alishaanza kuteremka Nyalukemba.

Ndipo nikaangalia chini, nitafute pa kushukia. Yesu Maria! Ziwa lote lilikuwa limejipanga chini ya buti zangu. Miguu yangu ikaanza kucheza ndombolo bila muziki. Nikakaa haraka, kama mtu aliyeamua mwenyewe kukaa.

"Papa, telemuka, chakula iko tayari!"

"Ngojeni kwanza! Naangalia mazingira!"

"Kuya uangalie ya huku chini pia," akasema Godelive. "Sambaza zinapoa."

"Mazingira ya hapa inaangaliwa pole pole!"

Wakala. Harufu ya sambaza, samaki wale wadogo waliokaangwa, ilipanda moja kwa moja mpaka puani kwangu, haikuhitaji alama nyeupe. Ili kujisahaulisha, nikawahutubia kutoka juu kuhusu upepo, kuhusu volkeno, kuhusu uzalendo.

"Mutu wa kutafakari," akasema Maman Bibiane kwa heshima.

"Sana," akasema Godelive, akachukua sambaza zangu.

Kisha radi ikapiga upande wa kisiwa cha Idjwi. Gentil akaja mbio.

"Bazazi, mvua inakuya! Boti inaondoka sasa, baadaye mawimbi yatakuwa makubwa. Mi naenda kuishika pamoja na dereva. Muharakishe!"

Wote wakaniangalia.

"Muende tu," nikasema. "Mi nitawafuata."

"Na boti gani?" akauliza Godelive. "Ao majiwe yenye yanakujua kwa jina yatakuvusha?"

Tone la kwanza likaniangukia kwenye upara. Vipara viwili, changu na cha jabali, vikaanza kulowana pamoja.

"Naogopa," nikasema.

"Unasema nini?"

"NAOGOPA!"

Ndege wote wa hifadhi wakaruka.

David, mtoto mwema, akazunguka nyuma ya jabali na kunipandia. Alipofika alinishika mkono, akaangalia chini mara moja tu, akakaa karibu yangu.

"Papa," akaninong'oneza, "ata mi naogopa." Akarudi alikotoka kwa makalio, hatua kwa hatua, kama mtoto kwenye ngazi.

Maman Bibiane akazima simu. Akavua viatu. Akakaza kiunoni pagne yake, kitenge alichovaa.

"Mama Noëlla, nipe kitenge."

"Chukua mbili," akasema Godelive. "Moja itapasuka."

Nilimwona akipanda kule alikopandia David na nikajaribu kurudi nyuma, lakini nyuma yangu hapakuwa na kitu ila hewa.

"Hapana, maman! Mi ni mukwe yako! Mukwe haguswi!"

"Mukwe haguswi, lakini mukwe analala na ndege? Huu mugongo ulilea batoto sita, hakuna mwenye alianguka. Funga macho, shika shingo."

"Maman, heshima..."

"Heshima itatukuta mu boti. Panda!"

Nikapanda. Akafunga kitenge cha kwanza, akafunga cha pili, akakaza fundo kifuani, akanirusha juu kidogo ili nikae sawa, kama wanavyofanya. Tukashuka. Mvua ikanyesha. Na katikati ya njia, kwa mazoea tu, mkono wake ukaja nyuma ukaanza kunipigapiga matakoni taratibu, na mama wa watu akaanza kuimba pole pole.

Tulipofika chini nikafungua macho. Jabali lilikuwa na kimo cha jiko letu la nje. Nyuma yake, kule tulikoshukia, kulikuwa na mteremko laini, na kwenye mteremko ule alama nyeupe zilizopangwa vizuri, kama shanga.

Siku ya dot ikafika. Nilivaa suti. Majirani walijaa ukutani, Aganze amejiletea kiti. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba watu wazima husahau.

Bahasha zikapita, na pagne za mama, na mbuzi wa wajomba. Kaka yangu mkubwa, Grégoire, msemaji wetu, akasimama:

"Bakwe, tunawashukuru. Ila ng'ombe ya baba ya mutoto hatujamuona. Sisi tunamutaka mwenye kutembea."

Maman Bibiane akasimama taratibu.

"Bakwe, desturi tunaijua. Ng'ombe ya baba inapewa mutu muzima, na tulikuwa tayari kuitafuta. Lakini huyu mutu nilimufunga mu kitenge, nikamubeba mugongoni, nikamuimbia, akalala."

"Sikulala!" nikaruka.

"Ulilala kidogo, papa," akasema Noëlla.

"Mwenye nilibeba mugongoni ni mutoto wangu," akaendelea Maman Bibiane. "Na mutoto hapewi ng'ombe. Mutoto anapewa maziwa."

David akaja mbele yangu, akapiga goti, na kwa mikono miwili, kwa heshima zote za kwetu Bushi, akaniwekea mapajani kopo la maziwa ya unga lililofungwa utepe.

Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Nyuma ya ukuta nilisikia kiti cha Aganze kikianguka pamoja na Aganze. Nikamgeukia kaka yangu anitetee; alikuwa anajifuta machozi na tai yake.

Godelive akanigusa kwa kiwiko.

"Sema aksanti kwa maman."